Shajara ya mradi wa dume la kikundi: uamuzi kuhusu Jemedari

Ijumaa, 23 Mei 2025

Huduma ya dume imesimamishwa. Jumanne asubuhi Jemedari, dume letu la pamoja, alimbana mjomba wetu anayetunza zizi kwenye ukuta wa hori, akamkandamiza kwa kichwa mpaka mbavu mbili zikavunjika. Mjomba amelazwa, anaongea, na madaktari wanasema pafu halikutobolewa. Aliyemwokoa ni kijana wa jirani. Alimpiga dume usoni kwa debe la pumba, debe likaanguka, dume akaligeukia.

Kwa anayesoma shajara hii kwa mara ya kwanza: sisi ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa milimani Usambara, wilayani Lushoto. Wengi wetu tuna ng'ombe mmoja au wawili, tunawafuga bandani na kuwakatia majani ya guatemala na mabingobingo kwenye kingo za matuta. Kumlisha dume mwaka mzima kwa ajili ya ng'ombe mmoja hakuna anayeweza, ndiyo maana tukawa na dume la pamoja. Jemedari ni chotara wa Friesian, ana miaka mitatu na nusu na pete puani. Vipimo vya Aprili ni hivi: mzunguko wa kifua sentimita 185, urefu wa mwili sentimita 150. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kama kilo 474. Nayaandika haya kwa sababu tangu Jumanne watu wananiambia, "Katibu, mkateni pembe." Alichomwa pembe akiwa ndama. Kilichovunja mbavu ni paji la uso na uzito ulio nyuma yake.

Jambo moja zaidi. Anayeleta ng'ombe zizini kwetu mara nyingi ni mama, au mtoto aliyetoka shule, tena kwa njia nyembamba yenye korongo upande mmoja. Pendekezo lolote kuhusu Jemedari nitalipima kwa watu hao kwanza.

Jumapili, 25 Mei

Daktari wa mifugo amekuja. Alianza na magonjwa kabla ya kuuliza habari ya ukali, na nimejifunza kwa nini. Ng'ombe akibadilika tabia ghafla, la kwanza kuliogopa ni kichaa cha mbwa. Ng'ombe huambukizwa kwa kuumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtu aliyegusana na mate yake lazima apate chanjo mapema, maana dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Daktari alimtazama Jemedari kwa muda mrefu kutoka nje ya uzio. Anakula, anameza maji, hadondoshi mate, sauti yake ni ile ile, hayumbi kwa miguu ya nyuma. Mwenye kichaa huzidiwa na kufa ndani ya siku chache, kwa hiyo tumeambiwa tuendelee kumwangalia na tusimwingilie. Ndugu wa mjomba nao wamewaeleza wauguzi kwamba aliumizwa na ng'ombe, ili huko wajiamulie.

Kisha likaja suala lililotuchanganya. Tarehe 15 Mei Jemedari alichomwa sindano ya oxytetracycline, antibiotiki inayokaa mwilini muda mrefu, kwa ndigana baridi. Ugonjwa huu unaoletwa na kupe huharibu chembe nyekundu za damu. Damu ikipungua sana, ubongo unakosa hewa, na ng'ombe mpole anaweza kukurukia. Wafugaji wa zamani wanalijua hili: ng'ombe wa ndigana baridi hakimbizwi, hasukumwi. Mwenyekiti alisimama pale pale. "Basi ni ugonjwa! Mnyama alikuwa mgonjwa, naye amepona. Tunamhukumu kwa lipi?"

Ni hoja ya haki. Ikiwa ukali ulitokana na homa, kumwondoa dume mzuri kwa sababu ya homa iliyokwisha ni uonevu. Daktari ametaka aone daftari la zizi kabla ya kusema lolote.

Alhamisi, 29 Mei

Nimelisoma daftari lote la zizi. Mjomba ameliandika kwa penseli tangu Jemedari alipofika, kila ng'ombe aliyepandwa, kila debe la pumba, kila safari ya josho. Katikati ya hesabu hizo ameandika pia maneno mafupi ambayo hakuna aliyemwomba ayaandike.

Septemba mwaka jana: "Anasimama ubavu nikiingia." Novemba: "Amepara chini, amenikoromea, nimetoka." Januari: "Hataki kurudi nyuma nikimwambia." Machi: "Amesukuma geti nikiwa nimelishika." Aprili, mwezi mzima kabla ya homa: "Amemfukuza mama aliyeleta mtamba. Mama ameruka uzio. Nimemwambia asije tena na mtoto mgongoni."

Nilimpigia daktari nikamsomea. Alininyamazia kidogo, kisha akasema homa inaweza kuwa ilisogeza tarehe tu, safari ilishaanza. Alinieleza maana ya kila mstari. Dume anayekusimamia ubavu, mgongo ameupinda na shingo ameivimbisha, anakuonyesha ukubwa wake kama anavyomwonyesha dume mwenzake. Kupara chini, kuinamisha kichwa na kutoa macho ni hatua inayofuata. Mtu akiona dalili ya kwanza aondoke taratibu huku anamtazama, asimpe mgongo, asikimbie isipokuwa kimbilio liko karibu sana. Na kila mara mtu anapoondoka, dume anajifunza kwamba ameshinda.

Alipouliza alilelewaje, jibu lilijulikana kijiji kizima. Alinunuliwa ndama, akalelewa peke yake kwenye ua wa nyumba, akanyweshwa maziwa kwa ndoo, watoto wakicheza naye kwa kumsukuma paji la uso. Alipendwa kweli. Lakini ndama dume anayekua bila ng'ombe wengine hawajui ng'ombe kuwa ndio wenzake. Anawajua watu, na akikomaa kati ya miaka miwili na mitatu, anaowania nao ukubwa ni watu. Madume wa maziwa wanajulikana duniani kote kuwa hatari kuliko wa nyama, na wale waliolelewa kwa mkono peke yao ndio hatari zaidi.

Hoja ya ugonjwa, kwangu, imefungwa leo. Mwenyekiti amelichukua daftari akalisome mwenyewe.

Jumatatu, 2 Juni

Mkutano wa wanachama, chini ya mikaratusi, ukungu haukuondoka mpaka saa tano. Walifika karibu wote. Nitaandika yaliyosemwa kwa urefu, maana najua vikundi vingine viko kwenye swali hili hili.

*Kumjengea zizi la maana.* Fundi alikuja na mchoro. Nguzo nene zilizochimbiwa, mbao za kulala mpaka mita 1.7, hori linalojazwa kutoka nje, mlango wa kumfungia upande mmoja wakati mwingine unasafishwa, na kila pembe nafasi ya sentimita 40 hivi ambayo mtu anapita kwa ubavu lakini dume hapiti. Hilo la nafasi za kutokea ndilo zizi letu halina, na ndilo lingemsaidia mjomba. Ni mchoro mzuri na nimeuhifadhi. Lakini mama mmoja aliuliza swali lililonyamazisha watu: "Siku ya kumpandisha ng'ombe wangu, nani anaingia kumfungua?" Zizi linalinda mtu siku zote ambazo dume hafanyi kazi. Siku ya kazi, mtu lazima awe karibu. Na hakuna aliyejitokeza kuchukua nafasi ya mjomba.

*Kumhasi.* Vijana walilipenda hili. Daktari hakulikataa, alilipunguzia matumaini. Bardizo, koleo la kubana mishipa ya korodani bila kukata, ni chombo cha ndama. Kwa dume la umri huu lazima ganzi, lazima afungwe barabara, na mishipa ni minene. Akihasiwa, homoni zinashuka mapema, lakini tabia aliyoizoea kwa mwaka mzima haiondoki na homoni. Anaweza kutulia baada ya miezi, anaweza asitulie. Na maksai tutamfanyia nini? Kwenye miteremko yetu hakuna jembe la kukokotwa. Tungemlisha miezi hiyo yote ili auzwe nyama baadaye, huku mtu akiingia kwake kila siku.

*Kumpeleka mnadani kama dume la mbegu.* Hapa ndipo kuna fedha. Mweka hazina alitoa makadirio bila kuficha: mnunuzi wa dume la mbegu analipa zaidi ya bucha, kwa mbali. Kikundi kina deni la dawa na sasa lipo la hospitali. Sauti kadhaa zikasema auzwe haraka, mbali, mtu wa mbali hatauliza.

Nilisimama nikasema nisichoweza kukiandika kwa upole. Huyo mtu wa mbali ana mke, ana watoto wanaotoka shule saa tisa wakakata majani. Tukimuuzia dume huyu na kunyamaza, tumenunua deni la hospitali kwa mbavu za mtu mwingine. Na tukimwambia ukweli, hatamnunua kwa bei hiyo, kwa hiyo bei hiyo ni bei ya kunyamaza. Nilikuwa natetemeka. Mama mweka hazina hakunijibu, lakini alichukua kalamu akaifuta ile safu.

*Kubadilishana.* Tulishakubaliana na kikundi cha kata ya pili tubadilishane madume mwezi Julai. Sababu ilikuwa njema: mabinti wa kwanza wa Jemedari wanakaribia miezi 15, wataanza kupata joto, na haifai wapandwe na baba yao. Hata angekuwa mpole kama kondoo, muda wake kwetu ulikuwa unaisha. Iliamuliwa wenzetu wapigiwe simu na waambiwe kila kitu.

*Machinjio.* Hakuna aliyelisema kwa sauti mpaka mwisho. Alilisema mwenyekiti, aliyekuwa amemaliza kulisoma daftari.

Hatukupiga kura. Tumesubiri jibu la wenzetu.

Alhamisi, 5 Juni

Idd el-Haji ni Jumamosi. Leo amefika mnunuzi akiwa na fedha taslimu, anataka dume la kuchinja, anajua ni mkali na hajali, maana hatafika Jumapili. Bei yake ilikuwa nzuri kuliko tulivyotarajia, na wanachama wawili walishanipigia: "Katibu, hili ndilo suluhisho, limekuja lenyewe."

Nimemkatalia. Sindano ya tarehe 15 Mei: lebo ya dawa inasema nyama isiliwe kabla ya siku 28. Zinatimia tarehe 12 Juni. Nyama ya sikukuu inagawiwa majirani na maskini, na tungewapa mabaki ya dawa mikononi mwao bila wao kujua. Yule bwana alishangaa, kisha akashukuru, akasema hajawahi kuulizwa wala kuambiwa habari ya sindano popote aliponunua. Hilo nalo lituhuzunishe sote tunaofuga.

Jumatatu, 9 Juni

Tumetoka kata ya pili, mimi, mwenyekiti na daktari. Katibu mwenzangu alipoambiwa kwenye simu alijibu, "Sisi hatuogopi, mleteni tu, banda letu ni imara." Ndiyo maana tulikwenda kuliona.

Banda ni imara kweli, nguzo za mkaratusi zilizonyooka. Lakini ni chumba kimoja, mlango mmoja, na anayelisha anaingia ndani na mzigo wa majani kichwani, mikono yote miwili juu. Anayelisha ni dada wa miaka kama ishirini. Mwenyekiti alimsalimia, akamuuliza kama dume wao wa sasa amewahi kumsumbua. Akasema hapana, huyu ni mpole, anamkuna hata sikio. Mwenyekiti akageuka akaniangalia, tukajua safari imekwisha. Tuliwaeleza wenzetu kwa heshima kwamba hatutamleta hata wakimtaka. Walikasirika kidogo, kisha wakatukaribisha chai.

Wenzetu wamebaki bila dume la kubadilisha, na hilo ni hasara tuliyowatia. Tumewaahidi kuwaunganisha na mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume kwa mrija, yule yule tutakayempata sisi.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda kumwona mjomba nyumbani kwake. Ameruhusiwa, analala ameegemea mito. Nilimwamkia, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, maana yeye ndiye aliyevunjwa na ndiye aliyemlea miaka yote hii.

Hakutaka kulipiza. "Msimpeleke mnadani," alisema. "Kule watamfunga, watampiga, hawamjui. Kama ni kisu, kiwe kisu cha karibu, na asisafirishwe mchana wa jua." Kisha akauliza nani anamwekea maji. Nikamwambia kijana wa jirani, kwa mpira kutoka nje. Akafurahi.

Mkutano mfupi jioni. Machinjio, kwa kauli moja. Mwenyekiti aliinamisha kichwa alipotangaza, na sikuona aibu yoyote kwa mtu mzima kulia kwa ajili ya ng'ombe.

Jumanne, 17 Juni

Imefanyika leo alfajiri. Naandika utaratibu, kwa sababu hatari kubwa ya dume mkali iko siku ya kumwondoa.

Daktari alikataa kumpa dawa ya usingizi. Ingeingia kwenye nyama, tungeanza kuhesabu siku upya, na dume aliyekwisha kupandwa na hasira anaweza asilale sawasawa, kisha akazinduka katikati ya kazi. Badala yake tulitumia mlima. Chini ya zizi barabara imekatwa kwenye kingo, na kingo iko sawa na sakafu ya lori. Fundi alijenga njia ya nguzo kutoka mlango wa zizi mpaka ukingoni, pande zote mbili tukaziba kwa mabati na magunia asione watu. Tuliijenga mapema tukaiacha wazi, na hori la jioni likawekwa ndani yake, aizoee. Alfajiri tulipakia kwanza ng'ombe jike anayemfahamu, mbele kabisa, tukaweka nguzo za kuwatenga. Mlango wa zizi ulifunguliwa kwa kamba, mtu akiwa juu ya uzio. Hakuna aliyekanyaga chini. Hakuna fimbo, hakuna kelele, watoto wote walibaki ndani ya nyumba.

Alisimama katikati ya njia kwa muda ulioniumiza tumbo, akanusa, akatembea mwenyewe mpaka ndani.

Kibali cha kusafirisha kilikuwa mkononi tangu jana, na mkaguzi wa nyama alimwona akiwa hai kabla ya lolote. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza mnyama kuteswa, kusafirishwa kukiwemo, lakini leo hatukuhitaji kukumbushwa na sheria. Baadaye mkaguzi alitupigia: nyama nzima imepita, sehemu ya ini imetupwa kwa minyoo bapa. Wanachama wanaokata majani kwenye mabonde yenye maji, wapeni ng'ombe wenu dawa ya minyoo hiyo mwezi huu.

Bei ya bucha ilikuwa chini sana ya ile ya mnadani. Matibabu ya mjomba yamelipwa yote, posho yake inaendelea mpaka apone, na kilichobaki ni mfuko wa uhimilishaji.

Alhamisi, 3 Julai

Ng'ombe wa kwanza alihimilishwa jana. Mbegu zinatoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kule Usa River, Arusha. Mhimilishaji anakuja na pikipiki na mtungi wa naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija wa mbegu unayeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu, ya nyuzi 35 hadi 37, na baada ya hapo hakuna kuchelewa. Akishika mimba, azae karibu na 11 Aprili mwakani.

Kazi iliyokuwa ya Jemedari sasa ni ya macho yetu, na hili tusilidharau. Dume alijua joto bila kuambiwa. Sisi inabidi tuangalie asubuhi na jioni: anayesimama akipandwa na wenzake, ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai bichi, kulia, maziwa kupungua. Mwenye ng'ombe mmoja peke yake bandani ndiye mwenye shida, kwa kuwa hakuna wa kumpanda, basi aangalie ute na atoke naye kidogo karibu na wa jirani. Akionekana asubuhi, piga simu asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho asubuhi. Kisha andika tarehe, na baada ya siku 21 mwangalie tena. Kadi za banda zimechapishwa, chukueni kwa mweka hazina.

Faida ambayo wengi hawakuifikiria: ng'ombe wa kaya zote hawakutani tena kwa dume mmoja. Ugonjwa wa kutupa mimba na magonjwa ya njia ya uzazi yanayosambazwa na dume hayana tena barabara hiyo.

Jumatano, 17 Septemba

Daktari amepima mimba kwa mkono wale waliohimilishwa mpaka 10 Agosti wasiorudi kwenye joto wala kurudiwa. Wengi wana mimba. Kuna wachache watupu, na karibu wote ni wale ambao simu ilipigwa siku ya pili. Wanachama wa upande wa juu wanalalamika kwamba pikipiki haifiki mvua ikinyesha, na wana haki. Masika ijayo itatusumbua kweli.

Kwa hiyo suala la dume mchanga limerudi mezani, na sikulipinga. Mjomba, ambaye sasa anatembea na anachambua mbegu za kabichi nyumbani, alitoa masharti yake na tumeyaandika kama yalivyo. Zizi lenye nafasi za kutokea lijengwe kabla dume hajanunuliwa. Atoke mahali alipokulia na madume wenzake, si ua wa mtu. Asiwe mtoto wa Jemedari, kwa sababu ya udugu na kwa sababu tabia nayo hurithiwa kwa sehemu. Pete kabla ya kutimiza mwaka. Watu wawili daima, asiingie mmoja. Na mstari wa kwanza wa "anasimama ubavu" ukiandikwa kwenye daftari, mkutano uitwe wiki hiyo hiyo.

Sharti la mwisho lilileta mjadala mrefu, wengine wakisema dume yeyote atasimama ubavu siku moja. Mimi niko na mjomba. Tutaendelea nalo mkutano ujao.

Daktari anarudi katikati ya Oktoba kuwapima waliobaki. Wenye ng'ombe waliohimilishwa baada ya 10 Agosti waje na kadi zao, na wa upande wa juu wawalete wao mpaka kwa mwenyekiti, kuna krashi mpya pale, ile njia nyembamba ya kumbana ng'ombe atulie.